Sanduku la Mbwa: Nani Anastahili Bandeji?

Leo siasa naziweka kando. Wale mliozoea kuja hapa kusoma habari za bungeni mnisamehe, wiki hii nimezama kwenye historia, na historia yenyewe ni ya kitu ambacho wengi watakiona kidogo: sanduku la huduma ya kwanza la mbwa.

Najua kuna watakaocheka. Nimeshachekwa. Nilipowaambia watu wangu kuwa nakusanya bandeji, mkasi na kipima joto kwa ajili ya mbwa wa nyumbani, jibu lilikuwa moja: hayo ni mambo ya Wazungu. Mbwa wa Mwafrika anajilamba kidonda, kikipona kimepona.

Nikaona nitafute ukweli. Je, ni kweli Wazungu siku zote wamewafunga mbwa wao bandeji? Jibu nililolipata ni hapana. Huko kwao nako kulikuwa na mbwa aliyestahili bandeji na mbwa asiyestahili, na aliyepanga hayo hakuwa daktari, bali mfuko wa mwenye mbwa. Kuna mbwa waliolala kwenye nyasi safi wakikandwa miguu, na wengine waliokufa mitaroni karne nyingi kabla hajatokea mtu wa kusema kuwa nao ni wagonjwa. Habari ya huyo mtu ninaipenda, nitaifikia. Twende taratibu.

MBWA WA BWANA MKUBWA

Tuanzie Ufaransa ya kusini mwaka 1387. Gaston, bwana wa Foix, mtu tajiri na mwenye majeshi, anaanza kuandika kitabu kuhusu uwindaji. Watu walimwita Phébus. Kitabu chake kilinakiliwa kwa mkono mara nyingi, na nakala moja iliyotengenezwa Paris mwanzoni mwa karne ya 15 ina picha za rangi za ajabu. Imehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa.

Picha moja katika nakala hiyo inaonyesha hospitali ya mbwa, sina jina jingine la kuiita. Watumishi wameketi chini na mbwa miguuni. Mmoja anamsafisha mbwa unyayo, mwingine anamkagua meno, mwingine anashughulika na sikio. Kitabu kinaeleza magonjwa ya mbwa na dawa zake. Mbwa aliyechubuka nyayo kwa kukimbia juu ya mawe, kwa mfano, aoshwe kwa siki iliyochanganywa na masizi ya jikoni. Kinasema pia kwamba mtoto anayetaka kuwa mwindaji aanze kazi akiwa na miaka saba, na alale banda moja na mbwa ili wakipigana usiku awepo wa kuwaamua.

Soma tena hapo. Mtoto wa miaka saba analala bandani kumlinda mbwa. Sidhani kama mtoto huyo alipochubuka nyayo kuna aliyemletea siki na masizi. Mbwa wa kuwindia alikuwa mali ya bwana, na mali hutunzwa.

Kitabu kinazungumzia pia kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao tutaukuta tena mbele. Dawa mojawapo iliyojulikana enzi hizo ni kumpeleka aliyeumwa baharini apigwe na mawimbi tisa. Mwandishi mwenyewe anaongeza kwa unyoofu kwamba dawa hiyo inasaidia kidogo tu. Ilikuwa haisaidii kabisa, lakini karne zaidi ya nne zilipita bila mtu kuwa na iliyo bora.

Basi, karne hizo zote mambo yalibaki vilevile. Hata shule ya kwanza ya udaktari wa wanyama duniani, ile ya Lyon iliyoanzishwa na Claude Bourgelat mwaka 1761, ilikuwa na sababu za kiuchumi: tauni ya ng'ombe ilikuwa ikimaliza mifugo, na farasi walihitajika jeshini. Mbwa wa mlangoni hakuwamo kwenye hesabu hizo.

SANDUKU LA LIVINGSTONE

Sasa tuje huku kwetu, maana kuna kisa ambacho wengi tulisoma nusu yake darasani.

Mwaka 1866 David Livingstone alitoka Unguja, akashukia pwani ya kusini karibu na Mikindani, akaanza safari yake ya mwisho ya bara. Alikuwa na mambo mawili yanayotuhusu leo. La kwanza ni sanduku la dawa, ambalo ndani yake ilikuwamo kwinini ya kumkinga na homa. La pili ni mbwa mdogo mwenye manyoya ya kujikunja, jina lake Chitane.

Kwa maelezo ya Livingstone mwenyewe, Chitane alikuwa mkuu wa msafara. Alikimbia mbele kuwaangalia wa kwanza, akarudi nyuma kuwaangalia wa mwisho. Wakifika kijijini aliwafukuza mbwa wengine kwenye kibanda cha bwana wake.

Tarehe 15 Januari 1867, katika eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Zambia, msafara ulivuka bwawa la Chimbwe, upana wa kama maili moja, maji yakifika kiunoni. Livingstone alitangulia. Alisahau kutoa amri kuhusu mbwa. Kila mtu alikuwa akihangaika asianguke na mzigo wake. Chitane akaogelea katikati yao mpaka akafa, na hakuna aliyemwona.

Siku tano baadaye, tarehe 20, watu wawili wa msafara walitoroka. Sanduku la dawa kwa kawaida lilibebwa na kijana aitwaye Baraka, ambaye alilitunza sana. Siku hiyo alikuwa amebadilishana mzigo na mmoja wa wale waliotoroka. Sanduku likaenda. Livingstone aliandika kwamba alijisikia kama mtu aliyesomewa hukumu ya kifo. Aliishi miaka sita zaidi, mingi yake akiwa mgonjwa, na mwaka 1873 alifia kijijini kwa Chitambo.

Nilipozisoma tarehe hizo mbili zikifuatana nilikaa kimya kidogo. Ndani ya siku tano mtu huyu alimpoteza mbwa na sanduku. Sanduku lilikuwa na mtu maalumu wa kulibeba. Mbwa, ambaye ndiye aliyekuwa akilinda kibanda, hakuwa na mtu. Sitaki kudai kwamba Chitane angekuwepo sanduku lisingeibwa, waliolichukua walikuwa watu wa ndani ya msafara. Nataka tu uone mpangilio wa thamani ulivyokuwa, hata kwa mtu aliyempenda mbwa wake kiasi cha kumwandika kwenye daftari.

HUDUMA YA KWANZA INAPATA JINA

Miaka hiyohiyo Ulaya ilikuwa inagundua wazo jipya: kwamba mtu wa kawaida, asiye daktari, anaweza kufundishwa kumsaidia majeruhi kabla daktari hajafika.

Kulikuwa na msingi wa kisayansi. Huko Glasgow, mwaka 1865, daktari Joseph Lister alifunga mguu uliovunjika wa mtoto wa miaka 11 kwa kitambaa kilicholowekwa asidi ya kaboliki, na kidonda hakikuoza. Wazo alilitoa mahali pa ajabu. Alikuwa amesoma kwamba mji wa Carlisle ulimwaga kaboliki kwenye maji machafu, na ng'ombe waliolishwa kwenye mashamba yaliyopokea maji hayo wakaacha kuugua minyoo. Kumbe hata dawa yetu ya vidonda ina mkono wa mnyama.

Kisha wakaja walimu. Ujerumani alikuwepo Friedrich von Esmarch, daktari wa jeshi wa mji wa Kiel, aliyeieneza ile bandeji ya pembetatu tunayoijua kwenye skauti. Uingereza, chama cha St John Ambulance kilianza mwaka 1877, na mwaka uliofuata daktari wa jeshi Peter Shepherd alifundisha madarasa ya kwanza ya raia huko Woolwich. Shepherd hakuishi kuona matunda. Aliuawa Isandlwana tarehe 22 Januari 1879, Waingereza walipopigwa na Wazulu. Kitabu chake cha mafunzo kilichapishwa baada ya kifo chake.

Mwaka 1888 kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani ikaanza kuuza masanduku yaliyokwisha kupangwa, kwa ajili ya wafanyakazi wa reli waliokuwa wakiumia mbali na hospitali. Hapo ndipo sanduku kama tunavyolijua lilipozaliwa.

Na mbwa je? Mbwa akaingia kwenye habari hii kama mchukuzi. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walianza kufundisha mbwa wa kutafuta majeruhi vitani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 mbwa wa Msalaba Mwekundu walikuwa wakitembea usiku kati ya mahandaki na mifuko miwili mgongoni. Ndani ya mifuko mlikuwa na bandeji na kinywaji cha kumtia majeruhi nguvu. Askari aliyeweza kujifunga alijifunga mwenyewe. Asiyeweza, mbwa alirudi kumwita mtu.

Kwa hiyo mbwa alilibeba sanduku la huduma ya kwanza kabla ya watu kufikiria kumwekea la kwake.

DENI

Ukifuata historia ya tiba utagundua kuwa kubeba mifuko ndilo lilikuwa jambo dogo.

Tarehe 6 Julai 1885, Paris, Louis Pasteur alisimamia sindano ya kwanza ya kinga ya kichaa cha mbwa kwa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa huko Alsace. Mtoto akapona. Lakini kabla yake Pasteur alikuwa ameijaribu kinga hiyo kwa mbwa 50.

Mwaka 1889 wanasayansi wawili wa Strasbourg, Minkowski na von Mering, walimtoa mbwa kongosho na kuona amepata kisukari. Mwaka 1921 huko Toronto, Frederick Banting na Charles Best walitumia mbwa kutafuta dawa yake, na Januari 1922 kijana wa kwanza akachomwa insulini. Kila mzee wetu anayejichoma sindano asubuhi anaishi kwa kazi iliyofanywa kwenye miili ya mbwa ambao wengi hatujui hata majina yao.

Sisemi haya ili tulie. Nasema ili ile kauli ya "mbwa ni mbwa tu" tuipime upya. Tuna deni, na deni lenyewe si kubwa sana kulilipa. Bandeji mbili, mkasi, chupa ya maji ya chumvi.

WHITECHAPEL, 1917

Sasa nimefika kwa yule mtu niliyemwahidi. Anaitwa Maria Dickin.

London ya mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ya watu masikini kweli. Wavuta mikokoteni, wachuuzi, familia nzima chumba kimoja. Walikuwa na punda, farasi, paka, mbwa. Mnyama akiugua hakukuwa na pa kumpeleka. Daktari wa mifugo alikuwa wa watu wenye fedha. Tayari kulikuwa na juhudi fulani. Chama kimoja cha hisani, ambacho baadaye kilijulikana kama Blue Cross, kilifungua hospitali ya wanyama London mwaka 1906. Lakini mitaa ilikuwa mingi na wagonjwa wengi.

Dickin alikuwa akitembelea nyumba za masikini akaona mbwa na paka wakiburuta miguu iliyovunjika, wakiwa na vidonda vilivyooza. Tarehe 17 Novemba 1917 alifungua zahanati kwenye chumba cha chini ya ardhi, Whitechapel. Tangazo lake lilisema mnyama yeyote atatibiwa, bure, msimwache ateseke. Watu wakaja wengi mno. Chama alichokianzisha, PDSA, kipo mpaka leo.

Kwa macho yangu ya kiandishi, hili ndilo badiliko kubwa kuliko mengine yote katika habari hii. Tangu Gaston mwaka 1387 mpaka hapo, swali lilikuwa: mbwa huyu ana faida gani kwa bwana wake? Dickin akauliza jingine: mbwa huyu anaumwa wapi? Mwenye mbwa akiwa hana senti, mbwa bado ana maumivu. Ni jambo rahisi kulisema, lakini kabla yake wachache sana walilitenda kwa watu wasio na kitu.

SEPTEMBA 1939

Usidhani baada ya hapo mambo yalinyooka.

Vita Kuu ya Pili ilipokaribia, serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kushughulikia wanyama wakati wa mashambulizi ya ndege. Ikatoa kijikaratasi cha ushauri kwa wenye wanyama. Kilishauri kwamba wanyama wapelekwe mashambani, na kama mtu hana pa kumpeleka mnyama wake, huruma ni kumuua. Watu wakaingiwa na hofu. Vita ilitangazwa tarehe 3 Septemba 1939, na katika siku zilizofuata foleni zilijaa nje ya zahanati za wanyama. Watu walikuja na mbwa wazima, wasio na ugonjwa wowote, wauawe. Kwa London peke yake makadirio ni mbwa na paka 400,000 hivi. Hakuna bomu hata moja lililokuwa limeanguka kwenye jiji hilo.

Mabomu yalipokuja kweli, mwaka 1940, wengi walijuta. Na hapohapo ndipo huduma ya kwanza kwa mbwa ilipokuwa kazi ya mtaa mzima. Watu wa kujitolea walifundishwa kufunga majeraha ya wanyama, wanyama wakavishwa vibati vyenye namba shingoni ili wenyewe wapatikane, na vikosi vya PDSA vikapita kwenye vifusi. Kikosi kimoja kilikuwa na mbwa jike aitwaye Beauty, ambaye alianza mwenyewe kufukua vifusi na kuonyesha wapi kuna mnyama aliye hai. Wanyama 63 waliokolewa kwa ajili yake. Mbwa koko mmoja wa Poplar, Rip, ambaye mwenyewe aliokotwa baada ya shambulio, alisaidia kupata watu zaidi ya 100 waliofukiwa. Wote wawili walipewa mwaka 1945 nishani iliyoanzishwa na Dickin.

Fikiria: Rip alikuwa mbwa wa mitaani, asiye na bwana. Angefikishwa kwenye foleni ya Septemba asingehesabiwa chochote.

NA HAPA KWETU?

Nilipompa mhariri wangu wazo la makala haya aliniuliza swali ambalo lazima nilijibu. "Kijana, kuna wodi hazina gozi, wewe unataka kuandika gozi za mbwa?"

Ni swali la haki. Jibu langu ni hili. Kwanza, Whitechapel ya 1917 nayo haikuwa na gozi za kutosha kwa watu. Pili, nyumba zetu nyingi zenye mbwa zina watoto, na kinachompata mbwa huishia kwa mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu kama 59,000 kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na wanne kati ya kumi ni watoto chini ya miaka 15. Ugonjwa ambao kinga yake ilipatikana mwaka 1885!

Wala si kwamba hauwezekani kuondolewa. Uingereza ilianza kampeni kubwa mwaka 1897 kwa kitu kidogo sana: kufunga mbwa midomo wakiwa barabarani, pamoja na kuwaweka karantini mbwa wa kutoka nje. Waziri aliyesimamia, Walter Long, alichukiwa vibaya na wenye mbwa. Mwaka 1902 ugonjwa ulikwisha nchini. Na kwa mfano wa nyumbani, kisiwa chetu cha Pemba kilichanja mbwa kijiji kwa kijiji, ugonjwa ukatoweka, ukarudi mwaka 2016 kutoka nje, wakachanja tena, na ukatoweka tena.

Lakini nirudi kwenye desturi zetu. Marehemu babu yangu alikuwa na mbwa wa kulinda mahindi, Popi. Kidonda cha Popi kikiingia funza, babu alikijaza ugoro. Alikuwa na sababu zake, tumbaku ni sumu kwa wadudu, na kwa alichokuwa nacho alijitahidi. Nani mwingine kijijini alimshughulikia mbwa? Simcheki. Ila leo naona mijini mbwa mwenye ukurutu anapakwa oili chafu ya gereji au mafuta ya taa. Hiyo inaunguza ngozi, na mbwa akijilamba inaingia tumboni. Ugoro wa babu ulikuwa umasikini. Oili chafu mwaka huu, wakati kuna duka la dawa za mifugo jirani na stendi, ni uzembe.

Haya, basi tufungue sanduku lenyewe. Langu ni kopo la plastiki lenye mfuniko, na nimeweka haya:

Glavu. Zinamlinda mtoa huduma dhidi ya damu na mate. Na msomaji wangu Mwislamu mwenye mbwa wa ulinzi uani, glavu zinakuondolea usumbufu wa najisi, huna sababu ya kumwacha mnyama akiteseka.

Kitambaa kirefu laini cha kufunga mdomo. Mbwa mwenye maumivu humuuma hata anayempenda. Zungusha puani, vuka chini ya taya, funga nyuma ya masikio. Usimfunge mbwa anayetapika au anayehema kwa shida.

Maji ya chumvi. Kijiko cha chai cha chumvi, kisichojaa kupita ukingo, kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Ni ya kuoshea kidonda. Swila akimtemea mbwa machoni, usihangaike kutafuta maziwa: osha kwa maji mengi safi, muda mrefu, kisha mkimbize kwa daktari.

Gozi, pamba na bandeji ya kuzungusha. Plasta za binadamu hazishiki kwenye manyoya. Damu ikitoka, kandamiza kwa gozi dakika kadhaa bila kuchungulia. Bandeji isikaze, kidole chako kipite chini yake.

Ayodini ya kidonda, iliyochanganywa na maji mpaka iwe rangi ya chai ya rangi. Courtois aliigundua ayodini Ufaransa mwaka 1811, lakini hii isiyounguza sana ni ya miaka ya 1950.

Kibano cha kutolea kupe na miiba. Kupe mshike karibu na ngozi, vuta polepole. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta ya taa.

Kipima joto, cha mbwa peke yake, kinapimwa njia ya haja kubwa. Joto la mbwa mzima ni kama 38.3 hadi 39.2. Kwa mtoto wako hiyo ni homa, kwa mbwa ni kawaida. Likivuka 40 tafuta daktari.

Mkasi wa ncha butu, na taulo kuukuu la kumfunikia au kumbebea.

Kipande cha sabuni. Hiki ni cha watu. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa sindano. Usisubiri kuona dalili, maana dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Visivyoingia kwenye sanduku ni vidonge vyetu vya maumivu. Panado, ibuprofeni, diklofenaki, vyote vinaweza kumuua mbwa. Ukimpa kwa huruma umempa sumu.

Na juu kabisa, chini ya mfuniko, nimebandika karatasi mbili: cheti cha chanjo chenye tarehe ya kurudia, na namba za simu za daktari wa mifugo na afisa mifugo wa kata. Sanduku lote kazi yake ni kumfikisha mbwa kwa mtu anayejua. Esmarch na Shepherd waliwafundisha hivyo askari na raia, na kwa mbwa ni hivyohivyo.

Neno la mwisho. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, na mara nyingi hapa nchini huwa na chanjo za bure kwa mbwa. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa ugonjwa unakosa pa kupita. Ulizia kwenu itafanyika wapi. Kama mbwa wa jirani hana wa kumpeleka, mfunge kamba uende naye.

Wiki ijayo turudi bungeni, panapo majaliwa.